Mkate wa Siku ya Pili

Kitendawili. Asubuhi namruka kama mtoto, alasiri ananibeba kama maiti. Ni nani huyo? Msihangaike kunipa mji. Mwanamke mzee akipewa mji ataufagia saa ngapi? Nipeni masikio tu. Jibu mtalikuta njiani, pamoja na methali ambayo wenye haraka huiona fupi mno kuwa na akili: kawia ufike.

Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka katika milima ya Svaneti siku Nanuli na mumewe, mzee Gurami, waliposhika njia ya miguu kwenda kijiji cha ng'ambo. Kesho yake adhuhuri mjukuu wao Tekle alikuwa anaolewa huko. Walikuwa na Zaza, mtoto wa ndugu yake Gurami, mtu mzima wa miaka arobaini ambaye mdomo wake ulitangulia miguu yake popote alipokwenda. Zaza alibeba mfuko mgongoni, na ndani ya mfuko mlikuwa na mikate ya nyama na pembe ya mbuzi-mwitu ya ukoo wao. Babu wa bibi harusi ndiye huinywea baraka ya kwanza, na kabla haijainuliwa hakuna mkono unaogusa chakula mezani.

Waliondoka nyumbani alfajiri, lakini mwenye pembe ya harusi hapiti mlango wa jirani kimyakimya. Kila nyumba iliwasimamisha wanywe kikombe cha heri, na kikombe cha heri hakikataliwi. Walipokiacha kijiji nyuma, jua lilikuwa utosini.

Nanuli alitembea polepole, macho yake yakiokota vitu alivyoviacha njiani miaka mingi. Kila kona ilikuwa na mwaka wake. Hapa alipumzika akiwa na mimba ya kwanza. Pale Gurami alimchumia maua ya manjano yanayotoboa theluji, kisha akajifanya yameanguka tu mkononi mwake. Na kutoka ng'ambo, kupitia njia hiyohiyo, ndiko alikotolewa yeye mwenyewe akiwa msichana wa miaka kumi na tisa.

Siku hiyo ya harusi yake bwana harusi hakutokea. Mikate ilipoa, nyama ikaganda mafuta, na kaka zake wakamcheka kwamba mchumba wake ameoa mbuzi njiani. Gurami alifika kesho yake adhuhuri, suruali yake ina alama ya maji hadi magotini tu, akasema mto ulimzuia. Kisha akamwinamia bibi harusi na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa na hakika nitakuja?" Nanuli, aliyekuwa amevimba kwa hasira kama chura, aligeuza uso, akamsukumia mkate. Miaka hamsini ilikuwa imepita. Kila theluji ilipoyeyuka Gurami alimwuliza tena kwa utani, na kila mara Nanuli alimjibu kwa kitendawili.

Walifika mtoni saa tisa alasiri. Kile kijito ambacho alfajiri mtu angekivuka bila kulowesha goti kilikuwa kimegeuka. Jua lilikuwa limeikamua barafu ya mlimani kutwa nzima, na maji yalishuka ya kijivu kama maji ya majivu, yakifoka mapovu. Chini yake ilisikika sauti nzito, go, go, go, ya mawe yakigongana.

Nanuli aliijua sauti hiyo. Gurami ndiye aliyemfundisha alipokuwa bibi harusi mpya: mto ukitafuna mawe, usiupe miguu. Basi akatua kifurushi chake na kusema watalala katika kibanda cha wachungaji, wavuke kukipambazuka, maji yakiwa yamelala.

Zaza akacheka. Alisema toka hapo hadi kijijini ni mwendo wa saa saba, na wakingoja alfajiri hawatawahi kanisani. "Ami," akaongeza, akimkonyeza mzee, "harusi yako mwenyewe ulichelewa. Sasa unachelewa na ya mjukuu? Watasema ukoo wetu umezaliwa na kobe."

Maneno hayo yalimpata Gurami pale palipokuwa na kidonda. Alikuwa na miaka sabini na minne, na tangu majira ya baridi watu walikuwa wameanza kumshika mkono kwenye ngazi bila kuombwa. Akaanza kukunja suruali. Nanuli hakubishana naye. Alichukua fimbo ya mumewe, akailaza chini, akaikalia.

"Vuka," akasema. "Bila fimbo na bila mke."

Gurami alimtazama, akatazama mto, na mikono yake ikaacha kukunja.

Lakini Zaza alikuwa ameshaondoka. Alichagua mahali pembamba akidhani pembamba ni karibu, asijue kwamba mto unapojibana ndipo unapochimba. Tena mikanda ya mfuko aliifunga kifuani na kiunoni, imara kama punda wa safari. Hatua ya tatu ikamwangusha. Maji yalimviringisha kama gogo hadi kwenye jiwe kubwa lililokuwa karibu na ukingo, akaling'ang'ania, huku mfuko ukijaa maji na kumvuta chini.

Gurami alikimbia kama mtu wa miaka thelathini. Alinyoosha ile fimbo, na Nanuli akaushika mkanda wa suruali ya mumewe kwa mikono miwili, amekita visigino kwenye kokoto.

"Fungua mikanda," Gurami akaamuru. "Uache mfuko."

"Ami, pembe imo humo."

"Pembe haina mama. Fungua."

Mfuko ukaenda. Zaza akavutwa nje, kifundo cha mguu kimevimba na meno yakigongana kuliko mawe ya mtoni. Jioni ile kibandani Gurami alimfunga Zaza kifundo kwa kitambaa, na Nanuli hakumtegea mtu kitendawili.

Kulipopambazuka ile sauti ya mawe haikuwapo. Waliteremka hadi mto ulipotanuka na kugawanyika vijito vitatu, wakashikana mikono, viatu miguuni, mikanda ya vifurushi imelegezwa, nyuso zimeelekea maji yanakotoka. Maji hayakuzidi magoti. Katika kijito cha pili, mahali ambapo jana hapakuonekana ila povu, mfuko ulikuwa umenasa kati ya mawe. Mikate ilikuwa uji. Pembe ilikuwa nzima, isipokuwa ukingo wake uliobanduka kipande cha ukubwa wa ukucha.

Kwa kifundo cha Zaza, mwendo wa saa saba ukawa wa tisa. Walipoingia kijijini jua lilikuwa limeinama, na Nanuli alijiandaa kwa vicheko vya wakwe. Badala yake alimkuta Tekle langoni, amevaa gauni la harusi, mikono yote unga hadi kwenye viwiko. Asubuhi, alipoona babu hajafika na pembe, alimwomba kasisi angoje, naye alikubali. Mikate ya jana ilikuwa imekauka, kwa hiyo bibi harusi alikuwa ameingia jikoni kukanda mingine.

Gurami akaishika ile mikono ya unga na kucheka hadi machozi yakamtoka. "Wewe ni mwema kuliko bibi yako. Yeye alinilisha mkate wa jana." Kisha akamgeukia Nanuli, na safari hii hapakuwa na utani katika sauti yake. "Mwanamke wewe, kabla sijafa. Ulikuwa na hakika nitakuja?"

Nanuli aliukung'uta ule unga kwenye viwiko vya mjukuu wake.

"Haukuwa wa jana," akasema. "Niliukanda alfajiri, kaka zangu wakinicheka, wewe hujatokea hata mlimani. Nani hukanda unga kwa ajili ya mtu asiyekuja? Nilijua mume niliyepewa ni wa kukawia, na kwa kukawia kwake, atafika. Kawia ufike, mzee. Ndilo jibu lako."