Radhi ya Tuhfa

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani aitwaye Nuumani, mcha Mungu asiyekosa swala ya jamaa msikitini. Shamba lake la pamba lilivunwa na wanafunzi wake. Pamba ikipasuka, mbao za kuandikia ziliwekwa kando, watoto wakaingia shambani toka alfajiri hadi alasiri, miezi miwili mizima. Mwenyewe hakuiita kazi. Aliiita kutafuta radhi ya mwalimu, na mzazi gani angethubutu kumkosesha mwanawe radhi? Neno tamu hilo, lilimvunia pamba miaka kumi na minne.

Siku moja Tuhfa, binti wa miaka minane, mdogo kuliko wote, alimjia na kikapu nusu. Vidole vyake vilichanwa na maganda makavu ya pamba hata vikavimba.

"Mwalimu, nisamehe," akasema. "Kimenishinda kujaa. Usininyime radhi nikaingia motoni."

Nuumani alitahayari. Tangu saa ile hakutulia. Akiswali, anasahau rakaa. Akikaa, anainuka. Mtoto anamwogopa yeye kama apasavyo kuogopwa Mola! Astaghfirullah.

Akawatoa watoto shambani, mavuno yote akawapa wao, kisha akaenda mbio kwa kadhi, kilemba hakijamkaa vizuri.

"Sasa nakwenda kuwaomba radhi," akasema, "nipate kupumua."

"Utamwomba nani?" kadhi akamuuliza. "Mtoto hajabaleghe, kusamehe kwake haki yake hakusihi kisheria. Ngoja wakue."

"Na nikifa kabla?"

"Basi mtaonana huko."

Maneno hayo yalimkata maini. Akangoja miaka, na kila homa ndogo ilimtia hofu. Walimu wenzake, ambao mashamba yao bado yalivunwa na watoto, walimcheka. Naye hakuacha kuwaambia mbele ya watu kwamba alidhulumu, na kwamba wao wanadhulumu. Wengine wakaacha, wengine wakamnunia. Mmoja mmoja wanafunzi wale wakabaleghe, akawaendea, wakamsamehe. Akabaki Tuhfa, ambaye mama yake alimtoa chuoni tangu siku ya vile vidole.

Tuhfa alipobaleghe, Nuumani, mzee sasa, akaenda kwao, akasimama mlangoni, akamwomba radhi.

"Sikunyimi, Mwalimu," Tuhfa akamwambia. "Lakini uliniondoa kwenye ubao nikiwa Juzuu Amma, pale wanapoanzia watoto, na hadi leo sijui kusoma. Nirudishe nilipoishia. Siku nitakayohitimu, radhi yangu utaipata."

"Mwanangu, mimi mzee. Huenda nisifike."

"Basi tuanze leo."

Tuhfa akatandika mkeka pale pale, wakaanza. Waliotusimulia hawakusema kama walifika mwisho.

Ndugu zangu, haki ya Mola, Mola ni Msamehevu. Haki ya mtoto ina mwenyewe, naye hawezi kukuachia leo hata akitaka. Ewe mwenye shamba, mtoe humo kabla hujaanza kungoja.