Kanga na Konzi ya Mwisho ya Maharage

Hadithi, jamani.

"Ilete, tumekaa."

Nikianza msilale.

"Anza, macho yetu yako wazi."

Hapo zamani za kale, Kanga alihama bondeni na vifaranga wake, akaja kukaa mlimani, penye ukungu na mvua za baridi. Alikuja na kibuyu kidogo cha mbegu za maharage. Maharage yasipoota, wanawe hawatakula.

Akapanda konzi ya kwanza. Asubuhi akatazama shamba: kimya. Asubuhi nyingine: kimya.

"Kwetu bondeni," akasema, "unapanda, ukigeuka kuchota maji, yameshatoka. Au hizi zimekufa?"

Akaparura udongo atazame. Mbegu zilikuwa zimevimba tu. Akazifukia. Kesho yake akaparura tena, na kesho yake tena. Baridi ikazipata, zikaoza.

Akapanda konzi ya pili. Safari hii mbegu zilitoa vimizizi vyeupe kama meno ya mtoto. Kanga akaparura atazame, vimizizi vikakatikia kuchani. Nazo zikaoza.

Ikabaki konzi moja. Kanga akaenda kwa jirani yake Fuko, anayeishi chini ya ardhi.

"Hodi, babu."

"Karibu, mama watoto. Kila asubuhi nasikia kucha zako juu ya dari yangu. Umepoteza nini?"

Kanga akamweleza yote. Fuko hakumcheka. Alijua kwamba mzazi mwenye watoto wenye njaa hatulii.

"Panda zilizobaki juu ya dari yangu," akasema. "Mimi niko huku chini, nitakutazamia. Wewe uje kuniuliza tu."

Kanga akapanda. Asubuhi akainama shimoni.

"Babu, vipi huko?"

"Ziko hai. Ila maji yanatuama. Parura mfereji pembeni."

Kanga akaparura mfereji, maji yakaenda zake.

"Babu, vipi huko?"

"Ziko hai. Ila zinasikia baridi. Tandaza majani kati ya mistari."

Kanga akatandaza majani.

"Babu, vipi huko?"

"Ziko hai. Ila magugu yanasogea. Yang'oe, anzia kule mbali."

Kanga akang'oa magugu kutwa, akalala amechoka.

Kulipokucha, ukungu ukafunguka kidogo. Maharage yalikuwa yametoka, yameinamisha shingo kama wageni mlangoni. Kanga akakimbilia shimoni.

"Babu, uliyaona yakiota?"

"Mama watoto, kwa macho yangu haya mabovu nione nini? Sikwenda kutazama hata mara moja."

"Kumbe ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

Kanga akautazama mfereji, akayatazama majani, akazitazama kucha zake. Hazikuwa kucha mbaya. Zilikosa kazi tu.

"Na kama yasingeota?" akauliza.

"Ningekuomba radhi," Fuko akasema, "na wanao wangekula viazi vyangu."

Basi, ndugu zangu wenye bustani, na ninyi wenye watoto: mfereji tuchimbe, magugu tung'oe, lakini kuota tuiachie mbegu yenyewe. Na jirani akihangaika, tusimcheke; tuitafutie mikono yake kazi.

Hadithi yangu naifukia hapa. Asiifukue mtu mpaka iote.

"Tumeiacha, ilale."