Udongo Ulioingia Mfukoni

Wapendwa, twende polepole. Nataka mmwone mama mmoja ameketi chini, ukingoni mwa kaburi, siku anapomzika mwanawe wa pekee.

Kijana huyo aliitwa Obadia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yake kanisani ilikuwa kugonga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi la lori lililoning'inizwa kwenye tawi, pamoja na kipande cha nondo cha kugongea. Jumapili moja, ibada ikiwa katikati, watu wenye mapanga walitokea upande wa mashamba ya mihogo. Obadia ndiye aliyewaona kwanza. Angeweza kukimbia. Alibaki pale penye ringi akigonga, akigonga, mpaka watu wote wakapata nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma na kuingia porini. Kisha kengele ikanyamaza. Waliokuwa porini wakaelewa.

Jumanne akazikwa. Mnajua desturi yetu. Jeneza likishashushwa, kila mtu huchota udongo kwa mkono na kuutupia kaburini kabla vijana hawajashika majembe. Mwinjilisti wa kanisa lile aliomba, kisha akainama, akachota. Alikuwa mgeni kijijini, ana miezi saba tu. Alitoka ng'ambo ya mpaka akiwa na begi moja na Biblia, hana mke, hana mtoto, hana hata ndugu aliyewahi kuja kumsalimu. Alichota kiganja kimoja, akatupia. Akachota cha pili. Hicho hakukitupa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akakitia mfukoni mwa koti lake.

Waliosimama walikuwa wanatazama jeneza. Mama peke yake alikuwa ameketi chini, na macho ya mtu aliyeketi chini huwa sawa na mifuko ya waliosimama. Aliona.

Sasa niwaulize. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini? Huku kwetu udongo wa kaburi hauchukuliwi kwa jambo jema, na sote tunajua huchukuliwa na watu gani.

Alasiri ile alimwambia jirani yake, mwanamke aliyekuja kusaidia kupika msibani.

“Uliona vizuri, Mama Obadia?” Jirani alipotamka jina hilo sauti ilikwama kidogo. Pale kijijini hakuna aliyejua kama bado inafaa kumwita kwa jina la mtoto aliyelala kaburini. Wengine walikuwa wameshaanza kumwita Mama tu.

“Niliona kama ninavyokuona wewe.”

“Labda alisahau mkononi.”

“Amesahau udongo, akakumbuka mfuko?”

Jirani akauacha mchele kwenye ungo. “Halafu siku ile tulipomzika bibi wa kule mtoni, sisi sote tulitangulia, yeye akabaki nyuma. Alisema anafunga kamba ya kiatu.”

“Yule? Si anavaa kandambili?”

Wakatazamana. Hapo ndipo shaka ilipovuta mkeka ikaketi pamoja nao.

Na shaka ikishaketi, wapendwa, haikosi cha kula. Walikumbuka kwamba nyuma ya nyumba ya mwinjilisti kulikuwa na ua wa mabua, mrefu kupita kichwa, na kijilango kilichofungwa kwa waya. Anaficha nini mtu asiye na kuku? Walikumbuka kwamba kila asubuhi huingia humo na kopo la maji, akatoka na matope magotini. Walikumbuka kwamba katika miezi saba amezika watu wanne. Na kabla hajaja, mbona tulikuwa tunakaa hata mwaka bila msiba? Hakuna aliyekumbuka kwamba Jumapili ile mwinjilisti aliingia porini akiwa amebeba watoto wawili wa watu, mmoja kila bega. Shaka haikumbuki vitu vya namna hiyo.

Mwinjilisti alikuja kila siku kuomba na mama yule. Siku ya nne alimwambia, “Mama Obadia, tutamwona tena.”

“Wewe umezika nani?”

Mwinjilisti akaifunga Biblia yake. “Sijazika, mama.”

“Basi usinifundishe. Habari za kufufuka ni nyepesi kwa mtu ambaye hajazika.”

“Nikuombee tu?”

“Omba. Mdomo ni wako.”

Akaomba. Aliposema Amina, mama hakuitikia. Tangu siku hiyo hakuitikia tena. Mwinjilisti alipofumba macho, yeye aliyafumbua yake, akaitazama ile mikono mpaka sala iishe.

Maneno yakatembea. Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, alikuja mzee wa kanisa. Hata chai hakuigusa.

“Jumamosi tuna kikao,” akasema. “Mengine yote ni ya kusikia. Wewe ndiye uliyeona. Ukisema uliona, tumemaliza.”

“Mtamfanya nini?”

“Sisi wazee tutamwambia aondoke. Hao vijana sasa…” Hakumalizia.

Mama hakuhitaji amalizie. Alikuwa amewaona vijana wakinoa mapanga, na si majira ya kufyeka. Akajua kwamba neno lake moja linaweza kumwua mtu. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomkaba zaidi, ambalo hakumwambia mzee. Kama anayemwombea ni mwongo, basi na lile la kumwona tena Obadia ni uongo, na mwanawe ameisha kabisa, ameisha kama moshi. Alitaka kujua. Hakutaka kuambiwa tena na mtu yeyote.

Ijumaa asubuhi, mwinjilisti alipotoka kwenda kumtazama mgonjwa, mama alikwenda nyuma ya nyumba, akafungua ule waya, akaingia.

Akakuta kaburi.

Lilikuwa fupi, la kumtosha mtoto, limezungushiwa mawe, na kimo chake hakikuzidi unene wa kidole. Udongo wake haukuwa wa rangi moja. Hapa mwekundu, pale mweusi wa mtoni, upande huu wa mchanga. Juu kabisa kulikuwa na kiganja kimoja cha udongo wa kahawia wenye changarawe, na udongo huo aliujua, maana alikuwa ameukalia. Akaketi chini kando yake. Akasikia mlango wa mabua ukilia nyuma yake.

“Karibu, Mama Obadia,” mwinjilisti akasema.

“Umemzika nani humu?”

“Hamna mtu.”

“Kaburi lisilo na mtu linamngoja mtu. Hili linamngoja nani?”

Mwinjilisti hakukasirika. Aliketi chini, palepale, mpaka macho yao yakawa sawa.

“Nilikuwa na binti,” akasema. “Yemima, miaka saba. Kule kwetu walifunga milango ya kanisa kwa nje, wakatia moto. Mimi nilikuwa nimekwenda kijiji cha pili kumwombea mgonjwa. Kabla sijafika ilinyesha mvua kubwa. Nilipofika, hata majivu yalikuwa yamekwenda na maji. Yemima na mama yake. Sikupata hata cha kufunga kwenye leso.”

Mama akatazama kaburi, akamtazama yeye. “Uliniambia hujazika.”

“Sijazika, mama. Uliniuliza, nikakwambia kweli.”

Mama akaugusa ule udongo wa juu.

“Na udongo wetu je? Mbona uliiba udongo wetu?”

“Kila ninapomzika mtu wa hapa, nachukua kiganja kimoja kwa ajili ya wangu. Mungu hahitaji kaburi ili ampate Yemima, hilo nalijua. Mimi ndiye ninayehitaji mahali pa kupigia magoti. Nimeanza na la mtoto. Kila asubuhi naunyunyizia maji usipeperuke, kisha nawaombea hapa wote ambao udongo wao uko hapa, nawataja mmoja mmoja. Wewe nakutaja mwisho. Kwa kuwa siku hizi huitikii, nasema Amina mara mbili. Moja yangu, moja yako.”

“Kwa nini hukutuambia haya yote?”

“Mngeanza kunipa pole mimi. Nami nilitumwa niwape pole ninyi.”

“Huo ni ujinga, mwinjilisti.”

“Ni kweli, mama.”

Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. “Huko kwenu walikuwa wanakuitaje?”

“Baba Yemima.”

“Na sasa?”

“Huu ni mwaka wa pili, sijasikia mtu akiniita hivyo.”

Mama akainuka, akatoka, hakuaga.

Jumamosi kikao kikajaa. Wazee mezani, mwinjilisti kwenye kiti peke yake, vijana mlangoni, na kila mmoja wao mkono mmoja uko nyuma ya mgongo. Mzee wa kanisa akauliza bila kupoteza muda.

“Mama Obadia, siku ya mazishi, ulimwona mtu huyu akichukua udongo wa kaburi la mwanao, au hukumwona?”

“Nilimwona.”

Vijana wakasogea hatua moja.

“Akautia mfukoni?”

“Akautia mfukoni. Nami nina shauri naye kuhusu jambo hilo.”

Akaja mbele. Akafungua fundo la kitenge chake juu ya meza ya wazee, na udongo ukamwagika, udongo wa kahawia wenye changarawe, mwingi kiasi cha kufunika kitabu cha kumbukumbu za kikao. Alikuwa ametoka makaburini alfajiri hiyo. Akamgeukia mwinjilisti.

“Ulichukua kidogo mno, Baba Yemima. Kiganja kimoja hakimtoshi mtoto wa miaka saba.”

“Baba nani?” mzee akauliza.

“Baba Yemima. Waambie vijana wakae chini, niwaeleze. Nikimaliza, kila mwenye kaburi akachote udongo wake, twende tukazike. Huyu mtu amezika watu wetu wote, na mtoto wake hajamzika.”

Wapendwa, mama huyu ni sisi. Msije mkadhani namsimulia mwingine. Sisi tuliofiwa tumeuona mkono. Hatukuota. Tuliuona mkono wa Mungu ukichukua kilicho chetu, ukaingia mfukoni, na hakutueleza anakwenda nacho wapi. Tangu siku hiyo tunakuja hapa, tunaketi kwenye mabenchi haya, na wakati wa sala tunafumbua macho na kumtazama mikono. Tunaikumbuka ile kamba ya kiatu. Tunamwambia, omba, mdomo ni wako.

Mimi simlaumu mama yule kwa kuona. Alichoona kilikuwa kweli. Kama angekwenda kikaoni kabla hajapita ule ua wa mabua, hapo ndipo angeua mtu kwa neno la kweli. Na wangapi humu ndani tumeshatoa ushahidi juu ya Mungu tukiwa bado nje ya ua?

Tunamwuliza usoni, Wewe umezika nani? Tunauliza hivyo kwa kuwa tumesahau jina lake. Sisi watu wa huku humwita mzazi kwa jina la mtoto. Na Mungu, tukimwita kwa jina lake lote, huwa tunamwitaje? Tunasema, Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo. Mmewahi kulisikiliza jina hilo vizuri? Ni jina la mzazi ambaye mwanawe aliuawa nje ya mji, watu wakitazama. Mwana ambaye hata kaburi hakuwa nalo, akalazwa katika la kuazima. Na siku ya tatu lile kaburi likarudi kwa mwenyewe, halina mtu.

Mama Obadia aliliogopa kaburi lisilo na mtu. Sisi ndilo tunaloshikilia. Hatuna jingine. Waliotuchomea makanisa hawajaweza kulijaza, na makaburi yetu yote yaliyojaa yanalitazama lile moja, yanangoja zamu yao.

Kwa hiyo mwiteni Mama Obadia. Msisite, sauti isikwame. Hilo si jina la zamani. Na kama kuna baba hapa ambaye hakuna anayemwita tena kwa jina la mtoto wake, leo mkitoka nje mwiteni, kwa sauti, hapo mlangoni.

Sasa tusimame tuombe. Najua wako humu walioacha kuitikia. Nami kuna mwezi mzima mwaka huu sikuitikia. Hatutawageukia kuwatazama. Wewe uliyenyamaza, nyamaza tu. Aliyesimama karibu nawe atasema Amina mara mbili.