Koti la Bibi Kisirani

Siku fundi wa lango alipofariki, ngazi yake ilibaki imeegemea ukuta wa nyuma ya nyumba, na chini yake likabaki karai la saruji, mwiko umesimama katikati. Alikuwa ameichanganya asubuhi, akahisi kifua kinambana, akaingia ndani ajinyooshe kidogo. Hakuamka. Baada ya mazishi majirani walitaka kuusafisha ua, lakini mjane wake akawazuia.

"Karai hilo msiliguse," alisema. "Mwenyewe hakusema amemaliza."

Lango alilolitunza lilikuwa la mawe ya kale, limesimama pale barabara mbili za mji zinapokutana. Juu yake palikuwa na safu ya nyuso zilizochongwa na watu ambao hata majina yao yamesahaulika. Fundi alizibatiza mwenyewe. Kulikuwa na Mnene, Mlevi na Mpambe, na mwisho wa safu alikuwepo Bibi Kisirani, aliyekunja uso kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyochacha. Kila mwaka kabla ya mvua, fundi alipanda ngazi akaziba kila ufa kwa saruji.

"Nalivalisha koti," alimwambia bintiye. "Jiwe nalo huona baridi."

Binti alipokuwa mdogo, baba alimpandisha mabegani ili amwamkie Bibi Kisirani. "Shikamoo, bibi," mtoto alisema. Baba aliitikia kwa sauti ya puani: "Marahaba. Umenawa uso leo?"

Fundi hakuwa amemaliza mwaka kaburini pale pua ya Bibi Kisirani ilipoanguka. Hakuna aliyeigonga. Ilisagika yenyewe ikamwagika kama unga, na mfagiaji akaikuta chini asubuhi. Shavu la Mlevi nalo lilianza kubanduka. Mjini kila mtu akawa na lake la kusema. Wengine walilaumu moshi wa malori, wengine vinyesi vya njiwa. Wapo walionong'ona kwamba lango linamlilia fundi wake.

Mkuu wa ofisi ya mambo ya kale hakuwa na muda wa kunong'ona. Watu walimwita Bwana Leoleo, kwa kuwa neno kesho lilimkera kama mchanga kwenye wali. Alileta mapipa ya dawa inayong'aa, ya kupakwa juu ya jiwe ili maji yasipenye. Kilichobaki ni neno la mkemia, naye binti wa fundi alikuwa mkemia katika maabara ya kupima maji.

"Dada mkemia, nipimie uniambie ni moshi," alisema. "Wingu lile unaliona? Mvua ikitukuta hatujapaka, tumekwisha."

"Na nikikuta si moshi?"

"Utakuta ni moshi."

Binti alianza na weusi wa moshi uliotanda juu ya mawe. Ulikuwa utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na chini yake jiwe lilikuwa gumu, zima. Kisha akatoboa kwa keekee nyembamba, akakusanya unga wa jiwe: mwingine kutoka kando ya viraka vya saruji, mwingine kutoka mbali navyo. Akauloweka katika maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi hata chembe, akauchuja, akadondoshea dawa ya kupimia. Maji ya jiwe lililo mbali na saruji yalibaki karibu safi. Yale ya kando ya viraka yaligeuka meupe kama maziwa. Chumvi!

Akarudia kipimo. Hakukitilia shaka, alikuwa anatumaini tu kwamba amekosea. Maziwa yakarudi palepale.

Jioni ile aliacha chakula mezani. Alitoka uani akasimama mbele ya karai, patasi mkononi. Mama yake alimkuta hapo.

"Unataka nini kwa baba yako?"

"Kipande kidogo tu, mama. Nataka kujua kama chumvi iliyo kwenye lango imetoka humu."

Mama alilitazama karai. "Na ikiwa imetoka humu?"

"Sijui nitasemaje."

"Mimi nilimfulia nguo zake miaka yote hiyo," mama alisema. "Hakuna doa lake nisilolijua. Chukua, lakini mwiko uuache."

Kesho yake maabara ikamjibu. Chumvi ya karaini na chumvi ya langoni zilikuwa za aina moja. Sasa binti aliona yote, na kuona huko kukamkosesha usingizi. Saruji ilikuja na chumvi yake. Tena ilikuwa nzito, haipumui, hivyo unyevu uliomo ndani ya lango ulikosa pa kutokea ila kupitia jiwe laini la kando. Unyevu ulibeba chumvi hadi karibu na uso wa jiwe, ukakauka ukaiacha hapo. Chumvi ikajijenga, ikavimba, ikausukuma uso wa jiwe mpaka ukabanduka. Dawa ya Bwana Leoleo ingeifungia chumvi yote ndani, na nyuso zote zingefuata njia ya ile pua.

Akinyamaza, lango linakufa. Akisema, anampaka baba yake matope naye hayupo kujitetea.

Alifika langoni roho juu. Mapipa yalikuwa tayari yamefunguliwa. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka juu ya mapaa. Kwenye jukwaa la mbao alisimama baba yake mdogo, ambaye naye ni fundi, brashi mkononi.

"Baba mdogo, shuka kwanza," binti aliita. "Msipake! Si moshi. Ni chumvi, na imetoka kwenye saruji."

Brashi ikasimama hewani. "Saruji ipi?"

"Ya viraka."

"Viraka vya kaka yangu?" Alishuka taratibu, macho yamemwiva. "Sema vizuri, watu wasikie. Kaka yangu ndiye aliyelila lango?"

"Sijasema yeye, nimesema saruji."

"Ala! Saruji ilijipandisha ngazi yenyewe?" Mafundi wengine wakacheka, kisha wakainamisha vichwa kwa aibu. "Udongo wa kaburi lake haujatulia, wewe binti yake wa kumzaa unamfukua. Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

Neno hilo lilimchoma binti. Lakini hakurudi nyuma.

"Alilipenda lango hili kuliko sisi sote," alisema. "Angekuwa hai ningemwambia yeye kwanza, naye angetaka kuona kwa macho yake. Basi na wewe uone. Ng'oa kiraka kimoja. Nikiwa mwongo, pakeni, nami sitakanyaga hapa tena."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya kifuniko cha pipa. "Jamani, mvua hiyo!" Bwana Leoleo alilalamika, lakini hakuna aliyemjali.

Baba mdogo alipanda. Aligonga kiraka kilicho chini ya shingo ya Bibi Kisirani, na sauti ikarudi tupu, kama chungu. Akaingiza patasi. Kiraka kikatoka kizima, kigumu kama siku kilipowekwa. Nyuma yake jiwe lilikuwa limegeuka unga, na juu ya unga huo pameota ukoko mweupe. Baba mdogo aliugusa kwa kidole, akakipeleka ulimini, akatema.

Alikaa juu ya jukwaa muda mrefu, amekishika kile kiraka kwa mikono miwili. Kwenye ukingo wake ilionekana alama ya kidole gumba.

"Maskini kaka," alisema hatimaye. "Alidhani anakusitiri, bibi." Kisha akamtazama binti. "Tunafanyaje, mwanangu?"

"Leo tunalifunika kwa turubai, mvua isiliguse. Likikauka tutaondoa saruji polepole, tuivute chumvi, halafu tuzibe kwa chokaa. Chokaa inapumua."

"Na mapipa yangu?" aliuliza Bwana Leoleo.

"Yafunike, mkuu," alijibu baba mdogo. "Hayo ni ya kesho."

Sasa kila asubuhi baba mdogo hubandua saruji ya kaka yake kwa patasi ndogo, kiraka baada ya kiraka. Binti hubandika juu ya jiwe rojo la karatasi lililolowekwa maji yaliyokenekwa. Rojo likikauka hunyonya chumvi, naye huibeba maabara kuipima. Inapungua. Mama ameruhusu karai liondolewe, na mwiko anautumia baba mdogo kwa chokaa. Bibi Kisirani hana pua, na haitarudi. Mji mzima uliyatazama malori na njiwa, kumbe adui alikuwa ndani ya koti alilovishwa kwa mapenzi. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.