Ngedere Aliyecheza na Kitanzi

Mgongo unaniwaka kwa kupura mtama, nanyi mnataka ngano. Kwani mimi redio? Haya, kaeni. Wewe, toa kidole puani. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya wagonjwa? Basi.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na Ngedere, bingwa wa mizaha. Kila jioni mwindaji alitega kitanzi kando ya mahindi, akaweka ndizi. Alfajiri Ngedere alikwenda peke yake, akakichokoa kwa kijiti mpaka kikafyatuka. Wanawe walipoamka, akatia mkono mle, akalia, "Mamaa, nakufa!" Kisha akauchomoa, akala ndizi. Watoto wakacheka mpaka wakaanguka.

Jirani yake, Kanga, akamwambia, "Baba, watoto wanatazama."

"Waache. Kutazama kunavunja mkono?"

Siku ya pili akacheza tena.

"Baba, kijiti hawakukiona. Wameona mkono tu."

"Nenda katage, Mama Kanga!"

Siku ya tatu akacheza tena.

"Basi waambie, baba."

"Nikiwaambia, watacheka nini?"

Siku ya nne Ngedere alichelewa kuamka. Mwanawe wa mwisho, hata kuruka hajakujua vizuri, akashuka. Akatia mkono kama baba. Akalia, "Mamaa, nakufa!"

Wenzake wakacheka. Ngedere naye akacheka huko juu. "Msikieni, ameniiga sawasawa!"

Kicheko kikaisha, mtoto bado analia.

Wakaitafuna kamba ikakatika, lakini mkono ulishavimba. Ukakauka. Ukaanguka.

"Baba," mtoto akauliza, "mbona wewe ulitoka?"



Shikeni hilo, nyinyi mnaojiona wakubwa. Mtoto hangoji kufundishwa. Anachukua alichokiona, na ulichomficha ndicho kitakachomuua.

Mahindi yakaisha, kundi likahama, likavuka mto kwa kuruka matawi. Ngedere hawamngoji mtu, ndiyo desturi yao. Mama yao akavuka na watoto waliobaki. Wa mkono mmoja angerukaje? Baba akabaki naye chini, upande anakowinda chui.

Chui akaja. Mtoto hakuweza kupanda mti. Ngedere aliweza, ila hakupanda. Hayo ndiyo malipo yake, na ngano yangu imezikwa papo hapo.