Paa la Mize Lashuka Chini

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mawe uliowaka joto hata paka wakitembea kwa kurukaruka, alikuwako Sultani Fakihi. Huyo Sultani akapanda bustani juu ya paa la jumba lake, chumba cha chini yake kikapoa, naye akafurahi mno, akapiga mbiu: "Kila paa la mji huu libebe udongo wa kina cha shubiri moja, na juu yake mboga mbichi. Baada ya siku arobaini tutakagua. Asiyetii, nyumba yake itabomolewa!"

Basi wenye majumba ya mawe wakashangilia. Lakini Mize, mjane fukara aliyedhaniwa punguani, alikuwa na kibanda cha makuti na mwana wa miezi minne, naye akaogopa kutii, kwani jirani yake alipandisha ndoo tatu tu za udongo, paa likamshukia kwenye uji. Asipotii, kibanda chavunjwa. Akitii, udongo wamfukia mtoto! Akalia, akanyonyesha, akalia tena, kisha ghafla akacheka peke yake, akaenda kuazima ngazi.

Ikawa siku ya arobaini Sultani akafika na Waziri wake na askari wenye nyundo, wakakuta kuta nne tupu, na mbele yake paa zima limelazwa ardhini, limejaa udongo, mchicha umestawi juu yake, na Mize anaumwagilia maji, mtoto yu mgongoni.

"We mwanamke!" akafoka Waziri. "Paa gani hili lililo chini?"

"Ni langu, Bwana Waziri, muulize jirani. Mbiu ilisema bustani iwe juu ya paa, nami nimeiweka juu ya paa. Kwamba paa nalo liwe juu ya nyumba, wallahi sikusikia, labda mtoto alikuwa akilia."

Majirani waliokusanyika wakaziba midomo wasicheke. Sultani akauliza, "Na mvua ikinyesha, mwalala wapi?"

"Barazani kwako, Maulana, tangu mwezi uliopita. Askari wako hunipisha, wadhani ndimi mtunza bustani yako. Kuna ubaridi mtamu huko! Sheria yako ni njema sana, ila huku kwetu imefika kabla ya boriti."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwangukia mchichani. "Tangu leo, hazina itie boriti kwanza, udongo baadaye! Nawe Mize, omba utakalo."

"Naomba uongeze neno moja tu, Maulana: kila mkaguzi alale wiki nzima chini ya paa alilolipitisha, tena masika."

"Imekuwa sheria! Na mkaguzi mkuu ni Waziri."

Basi tangu siku ile Waziri akawa akipanda na kushuka ngazi za mji mzima, jasho likimtiririka, akigonga boriti moja moja na kupiga kelele, "Ongezeni! Ongezeni nyingine!"

Hekaya imekoma hapo ngazini. Asiyeamini na akamshikie Waziri ngazi.