Gunia Ambalo Fisi Hakuligusa

Paukwa!
— Pakawa.
Pakawa nani?
— Pakawa Kindi.
Kindi kafuga nini?
— Kafuga mbwa.

Kaeni vizuri basi, na anayetafuna kitu akiteme kwanza, maana hadithi hii haisikilizwi mdomo ukiwa umejaa.

Hapo kale alikuwapo Kindi, mjane asiye na mtoto, akaokota kitoto cha mbwa kando ya mtaro. Majirani wakacheka, ati kindi atalea mbwa? Kindi akampa jina la kuwajibu, akamwita Watasema. Wakasema kweli, mpaka wakachoka. Watasema akakua, akampita mama yake mara ishirini, na kijiji kizima kikamwita Kindi "Mama Watasema". Alimlisha ugali wa dona na dagaa, akamkagua viroboto kila jioni, sikio hili, sikio lile.

Siku moja Fisi akafungua duka la chakula cha mbwa. Magunia yalipangwa hadi darini, kila moja na picha ya mbwa mnene anayecheka.

"Dagaa ni mambo ya zamani, Mama Watasema," Fisi akamwambia. "Mbwa wa siku hizi anakula hiki."

"Ndani kuna nini?"

"Kuna afya."

"Afya ya nini?"

"Afya tupu."

Kindi hakulipenda jibu hilo, lakini aliona haya kuitwa mshamba, akanunua. Akamwaga punje kwenye sahani, kwaru kwaru kwaru. Zilinuka kama gunia lililonyeshewa. Watasema akanusa, akamtazama mama yake, akala.

Kesho yake akatapika. Kindi akaenda dukani, tiki tiki tiki.

"Bwana Fisi, mwanangu anatapika."

"Anatoa uchafu wa dagaa. Mwongeze."

Akamwongezea, kwaru kwaru kwaru. Manyoya yakaanza kutoka. Kindi akarudi, tiki tiki tiki.

"Bwana Fisi, mwanangu ananyonyoka."

"Anavua manyoya ya zamani. Mwongeze."

Akamwongezea, kwaru kwaru kwaru. Siku ya nne Watasema hakuweza kusimama. Macho yalikuwa ya manjano, na alipoitwa alitikisa mkia mara moja tu.

"Bwana Fisi, mwanangu hanyanyuki."

"Ameshiba huyo. Mwongeze," Fisi akasema, huku akitafuna kandambili kuukuu iliyosahauliwa na mteja.

Kindi akaiangalia ile kandambili. Akayaangalia magunia. Fisi huyu anakula mifupa, ngozi na kwato. Jana tu alikula mpini wa jembe la jirani kwa kuwa ulikuwa na chumvi ya jasho. Na tangu afungue duka amekaa katikati ya chakula kilichofika darini, asionje hata punje moja.

Alirudi nyumbani. Kilichomchoma moyo ni kwamba alimwaga kitu kile kwa mkono wake mwenyewe, na mtoto alikula kwa sababu ni yeye aliyempa. Akamwita Nungunungu, mganga wa kijiji.

"Nitajie alichokula, nitakupa dawa," Nungunungu akasema. "Nisipojua, naweza kummaliza."

Kumuuliza Fisi tena kulikuwa kazi bure. Kindi akabandika sufuria, akapika supu ya kongoro, akakamulia ndimu. Ikachemka bwata bwata bwata, harufu ikafika dukani, na Fisi akafika kabla hajaalikwa.

"Karibu, Bwana Fisi. Nimekupikia kukushukuru."

Fisi hakuuliza shukrani ya nini. Bakuli la kwanza, fyoo. La pili, fyoo. La tatu akalilamba mpaka chini.

"Imekolea?"

"Imekolea sana, Mama Watasema. Na uzito wake safi."

"Ndiyo, nilisaga nusu ya gunia lako nikatia humo."

Fisi akaacha kulamba. "Gunia lipi?"

"Lenye picha."

"La mbwa?"

"Lenye afya tupu."

Masikio ya Fisi yakalala. Akatapika, owaa, kibarazani pa watu.

"Umeniua," akalia. "Nani amekwambia kile kinaliwa? Mle mna mahindi yaliyoota ukungu ghalani, mna vumbi la mbao, mna rangi ya kutilia ngozi. Niitie mganga, nakufa."

"Nipo," Nungunungu akasema, akatoka nyuma ya mlango alikokuwa akisikiliza. Akampita Fisi, akaenda kwa mbwa na mkoba wake.

"Na mimi je?"

"Wewe umekula kongoro na ndimu tu," Kindi akamjibu. "Kanawe uende zako."

Majirani walikuwa wamesikia kila kitu. Waliyabeba magunia wakayafukia shimoni, na Fisi akakimbia. Nasikia yuko ng'ambo ya mto, anauza chakula cha paka. Picha ni ileile, kaongeza sharubu.

Watasema alipona. Lakini tangu siku hiyo hali kitu mpaka mama yake aonje. Kindi, mla kokwa tangu kuzaliwa, kila asubuhi hukaa mbele ya sahani akatafuna dagaa na utumbo, macho kayafumba, na mbwa anamkodolea mpaka ameze. Akishameza, Watasema hungoja kidogo. Ndipo naye anakula. Kindi huumia sana, ila hamlaumu.

Fundisho lake ni hili: msiwasumbue wafanyabiashara kwa maswali. Na mkimwona muuzaji haigusi bidhaa yake mwenyewe, mjue anajinyima kwa ajili yenu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mimi niliyeipika.